Thirza Wildgoose na Birika la Hallowdale

Barua imekuja na nembo ya dhahabu juu. Wenye hoteli wapya, nao ni wa nne au wa tano maana nimeacha kuhesabu, wanataka historia ya Hoteli ya Hallowdale waibandike ukutani pale mapokezi. Wananiomba mimi, niliyeacha shule na miaka kumi na miwili, ambaye kalamu inanichoma vidole kuliko sindano. Kwani wenye vyeti wamekwisha? Waliwauliza, wakapewa tarehe. Tarehe haifui shuka. Mimi nitawapa Thirza Wildgoose, na asiyemtaka asisome.

Thirza aliingia hotelini kwa mlango wa nyuma mwaka 1921, ana miaka kumi na minne, buti za kaka yake miguuni. Hoteli ilikuwa kongwe tayari. Ilijengwa enzi za Malkia Victoria na daktari mmoja aliyeshikilia kwamba hakuna ugonjwa usiosikia maji. Wagonjwa wenye nazo walikuja kwa treni kutoka Manchester, wakavingirishwa kama maiti kwenye shuka zilizoloa, wakanyimwa bia, wakanyweshwa bilauri saba za maji ya chemchemi kabla ya kula kitu, kisha wakarudi kwao wakisifu. Aliyewavingirisha alikuwa nyanya yake Thirza, na baada yake mama yake. Kwa hiyo alipokabidhiwa ufunguo wa birika la chini, lile bwawa la kuogea wagonjwa, Thirza hakumshukuru mtu. Aliona wamechelewa.

Birika hilo lina vigae vya buluu, na maji yake hutoka mwambani vuguvugu, kiangazi na theluji, hayajui msimu. Wagonjwa walizama humo, Thirza akiwahesabia dakika kwa saa ya mfukoni. Siku moja jaji mzima alijaribu kutoka kabla ya wakati.

"Rudi ndani, baba," Thirza alimwambia. "Wewe huko kwako unafunga watu miaka. Mimi nakufunga dakika mbili tu."

Jaji akarudi.

Vikaja vita, vikaenda. Baada ya hapo watu wakapenda bahari na jua, wagonjwa wa maji wakapungua, na ikafika mwaka 1957 Thirza akawa anasugua vigae siku nyingi kuliko anazohudumia mtu. Ila kila mwezi wa Juni birika lilikuwa na wageni wasiokosa: mbao za kuvishia kisima. Sisi hapa chemchemi yetu tunaivisha, ndiyo asante yetu kwa maji. Mbao kubwa kama milango hulowekwa birikani siku nne mpaka zishibe, halafu hupakwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu pamoja na chumvi, na juu ya udongo picha huchomekwa kwa petali za maua, moja moja. Rangi ya dukani marufuku. Jumamosi mbao zinasimamishwa kisimani, kasisi anakuja, anabariki, mji mzima unaimba.

Mwaka huohuo hoteli ikauzwa, akaletwa meneja mpya kutoka Birmingham, Bwana Pargeter, viatu vinang'aa hata unajiona. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue. Wiki haijaisha, maji ya birika yamefunguliwa yakaenda mtoni.

"Tunalijaza zege," alimwambia Thirza. "Mafundi wanakuja Jumatatu baada ya sherehe yenu. Juu yake tunaweka baa na sakafu ya dansi. Na wewe, Bi Wildgoose, kazi yako inaisha na birika lako. Pole."

"Pole kawape wagonjwa. Mbao za kisima zitalowekwa wapi?"

"Hazilowekwi. Nimeagiza mpya, kavu, safi. Na picha mwaka huu itakuwa ya hoteli. Watu wa magazeti wanakuja."

"Ubao mkavu una kiu, bwana. Utayanywa maji yote ya ule udongo."

"Ubao hauna mdomo, Bi Wildgoose."

Dolly Yeomans, mfuaji, alikuwa anapita na kapu la taulo. "Wapo wenye midomo," akasema, "na bora wangekuwa mbao."

Thirza hakucheka. Alitoa ufunguo kwenye aproni akauinua. "Tuwekeane neno. Ubao wako ukisimama mpaka kasisi aubariki, nakupa huu kwa mkono wangu na hunioni tena. Ukianguka, birika linabaki, na mimi nabaki nalo."

"Mbele ya mashahidi?"

"Dolly yupo."

"Huyo ni mmoja."

"Humjui Dolly. Kufika jioni watakuwa mia."

Wakapeana mikono. Pargeter alikuwa anatabasamu, na Thirza pia, kila mmoja kwa sababu yake.

Jumatatu ya juma la sherehe vibarua wa meneja wakapaka udongo, wakachora hoteli na minara yake, wakaanza petali. Jua lilikuwa kali juma lile. Jumanne mchana ufa ukatokea mlangoni mwa hoteli ya picha, ukapanda hadi paa. Wakaupaka maji, ukazaa mwingine. Jumatano asubuhi mnara wa kushoto ukateleza pwaa, na kabla ya chai hoteli yote ilikuwa chini, rundo la udongo mkavu na waridi zilizonyauka.

Dolly alikimbia hadi chumba cha kufulia. "Imedondoka! Mwenzangu, umeshinda!"

Thirza alikunja shuka hadi mwisho. Ameshinda, ndiyo. Lakini zilibaki siku tatu na kisima kiko uchi, na tangu nyanya yake hakijawahi kukaa uchi Jumamosi hiyo. Akatoka uani. Pargeter alikuwa amesimama mbele ya lile rundo, kofia mkononi.

"Umeshinda," alisema. Hakuzunguka, hilo nampa. "Kuna la kufanya?"

"Lipo. Fungulia maji birikani. Siku nne hatuna, ila haya ni ya moto kidogo, hupenya upesi. Mbao zikilala humo mpaka kesho jioni, zitatosha."

"Na mimi?"

"Wewe vua viatu."

"Samahani?"

"Udongo huo umekufa, lazima ukanyagwe upya. Una miguu, huna?"

Mji wote ulikuja kutazama. Meneja wa Hallowdale, suruali imekunjwa magotini, anakanyaga udongo na chumvi, na Thirza kaketi kwenye kiti cha jikoni anamhesabia kwa saa yake.

"Bado," alimwambia kila aliposimama. "Kisigino, bwana, kisigino! Hiyo siyo dansi."

Ijumaa, kulipokucha tu, wanawake arobaini walishika petali. Picha ilikuwa Yona anatemwa na nyangumi, kama mji ulivyokuwa umepanga kabla ya meneja kuja. Jumamosi saa tisa alasiri kasisi akabariki, na ubao haukuonyesha hata ufa wa unywele. Thirza aliugonga kwa kidole, akasikia umeshiba, akaenda zake kunywa chai.

Jumatatu mafundi wa zege walifika. Pargeter mwenyewe aliwazuia getini, akawapa ngazi za jikoni watengeneze. Alikaa nasi miaka kumi na moja na kila Juni alikanyaga, hata ikawa anajisifu kwamba hakuna mwenye kisigino kama chake. Thirza alishika ufunguo mpaka 1975, magoti yalipomkataa, akamkabidhi Dolly bila hotuba.

Hiyo ndiyo historia, ibandikeni. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, asante yako sina pa kuiweka. Udongo unakanyagwa Jumatano ya mwisho ya Juni, saa tatu asubuhi, uani. Njoo na kilo ya chumvi na miguu iliyooshwa.