Giaboksi Ndogo ya Nyuma

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: klachi inaungua, na nyuma yangu lori limejaa watu wa mtaa wetu wa Katuba wanaokimbia risasi. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Wakati huo mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa umevurugika. Maduka yalikuwa yamevunjwa, spea hazipatikani, na mimi, kijana aliyevimba kichwa, nilikuwa nimekabidhiwa usukani wa lori zito. Lori la namna ile lina giaboksi mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya mbele ndiyo unayoizoea, unabadilisha gia zake kwa mkono. Ya nyuma ni ndogo, ina njia mbili tu: ya mwendo, na ya nguvu, ile inayopunguza mzunguko wa magurudumu ili yapate nguvu zaidi. Unainua au kushusha kitufe kwenye mkono wa gia, na hewa ndiyo inayosukuma kazi yote huko chini.

Basi siku moja bomba la hewa hiyo likapasuka, na breki, zinazotumia hewa hiyohiyo, zikaanza kuikosa. Nikalikunja lile bomba, nikalifunga kwa ukanda wa mpira hewa isitoke, giaboksi ya nyuma ikabaki kwenye njia ya mwendo. Lori tupu kwenye tambarare halikulalamika. Nikajiona fundi!

Asubuhi ya kukimbia, Papa Ilunga, fundi mzee wa mtaa wetu, aliniuliza kabla watu hawajapanda kama ile giaboksi ndogo ni nzima: "Boîte ya nyuma iko bien?"

"Iko bien, Papa," nikajibu. Niliona haya mbele za watu.

Tulipovuka mto Naviundu tukakuta kilima. Lori likasimama, likakataa kuondoka tena, kisha likaanza kurudi nyuma. Papa Ilunga akaruka chini. "Shukeni bote! Leteni majiwe!" Wakazuia magurudumu kwa mawe. Risasi tulizisikia zikikaribia. Mzee akaingia uvunguni, akatoka na ule ukanda mkononi.

"Ni weye ulifunga hii?"

"Ni miye, Papa."

"Uliniambiaka iko bien, na mama yako akapanda."

Hakupaza sauti. Heri angenipiga.

Akarudi chini, akakata kipande kilichopasuka, akachomeka bomba lililobaki mahali pake. Kazi ya dakika chache, ambayo ningeweza kuifanya siku yoyote. Watu wakapanda tena. Nikashusha kitufe kuweka njia ya nguvu, nikasikia mlio mmoja mfupi huko chini, nikaachia klachi taratibu. Injini ileile, mzigo uleule, na lori likapanda polepole bila hata kutetemeka. Nililia, mwanangu. Kwamba vyuma vichache, vimejificha gizani ndani ya mafuta, vinaweza kubeba mtaa mzima! Mpaka leo nikifikiria mwili unanisisimka.

Kuharibikiwa si aibu, kila chombo huharibika. Ila ukishajua kasoro yako, iseme watu wakiwa bado chini. Usingoje kilima kiseme kwa niaba yako.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Na siku utakayoulizwa mbele za watu kama kila kitu kiko sawa, nawe unajua hakiko, akupe moyo wa kujibu hapana.