Tulivyotafuta Chakula cha Mchana Majengo

Sijawahi kuwa mtu wa kujidharau, na uzee haujanibadilisha: miaka ile ya hamsini hakuna aliyeijua mitaa ya Mbeya kwa tumbo kama nilivyoijua mimi. Wengine waliijua kwa makanisa, wengine kwa vilabu vya pombe. Mimi nilijua nani anachemsha maharage mpaka yanaiva na nani anayaacha yagonge meno, nyumba gani mchuzi ni mchuzi na nyumba gani ni maji ya moto yaliyochungulia nyanya.

Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na minne, fundi seremala, na msumeno wangu mwenyewe begani. Kwetu ni Kalenga. Iringa mjini nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili, na muda wote ule nilikula kwenye hoteli moja tu, karibu na malori yalipokuwa yakisimama: ugali mgumu, nyama, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nilishiba, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza kwingine wanapika nini. Mbeya ilinitoa ushamba huo.

Karakana yetu ilikuwa pembeni mwa Majengo, upande ambao nyumba zilikuwa bado zinapanda, nasi tulizitengenezea milango na madirisha. Tulikuwa watu watatu. Fundi mkuu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mzima mwenye mvi, mpole, mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kunipigia kelele hata nilipoharibu mbao nzima ya mninga. Wa pili alikuwa Msangu wa Ubaruku, mtu wa maneno mengi, aliyeamini kwamba kama hujala wali basi umetafuna tu, hujala. Wa tatu ni mimi. Mama aliyekuwa akituletea chakula alihama na mumewe, na kesho yake saa saba ikatukuta tumekaa juu ya mbao tunatazamana.

"Wewe Mhehe mdomo unao," fundi mkuu akaniambia. "Zunguka, ututafutie mahali."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mimi nilikuwa natembea kwa kazi maalumu.

Tulianza na hoteli ya bwana mmoja aliyetoka pwani. Harufu ya pilau yake ilifika barabarani kabla ya mlango wenyewe, nami nikaona tumemaliza kazi siku ya kwanza. Msangu alichukua punje moja ya wali, akaiminya kwa vidole, akaitazama kama polisi anayetazama kitambulisho. "Mchele huu umekaa ghalani mpaka umesahau shamba," alisema, kwa sauti ambayo mwenye hoteli aliisikia vizuri. Hatukurudi tena pale.

Siku ya pili tulipanda mpaka kwa mama mmoja wa Kisafwa aliyeuza viazi na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, chini kidogo ya mlima. Viazi vile hadi leo sijapata vingine mfano wake. Lakini viti vyake vilikuwa nje, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba haina huruma: usipa uligandiana sahanini kabla hatujafika nusu. Mahali pa tatu niligombana na mpishi kuhusu chumvi. Nilimwambia haijui kabisa. Akaniambia nioe, nikale kwa mke wangu. Nikamwambia hata huyo nitamwambia ukweli. Pale nako hatukurudi.

Siku ya nne nilikwenda peke yangu, kwa sababu wenzangu walikuwa wamechoka kuzungushwa. Mtaa wa nyuma, karibu na kisima, palikuwa na kibanda cha nyasi chenye mabenchi mawili, na nyuma yake jiko la wazi. Mpishi alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, kanga imefungwa kifuani, hana haraka. Waashi walikuwa wameinamia sahani zao kimya, na mafundi wakila kimya ujue chakula ni kizuri. Alinipa ndizi zilizopikwa na maharage, zile Wanyakyusa wanazoita mbalaga, na bakuli la maziwa ya mgando. Nilikula. Nikaomba tena. Mara ya tatu akacheka.

"Kamwene," alisema, akinisalimia kwa Kihehe changu ili anichokoze, maana lafudhi ilikuwa imenitaja. "Huko kwenu Iringa hawajakupa chakula?"

Nilirudi kila siku wiki ile. Msangu alikuja mara moja, akakuta siku hiyo amepika wali, akala bila kusema neno, na kwake yeye kukaa bila kusema ni sifa kubwa. Kisha akaenda kwao Ubaruku kuvuna mpunga.

Mpishi yule alinieleza maisha yake kidogo kidogo, kati ya sahani na sahani. Mumewe alikwenda migodini, huko kusini, mwaka wa tatu sasa, na barua zilikuwa zimekatika. Wakubwa wa ukoo wa mume walitaka arudi kijijini alime shamba la mama mkwe. Walisema mke wa mtu hakai mjini peke yake akipikia wanaume. Lakini yeye jiko lile alilianza na sufuria moja, na sasa lilikuwa lake.

"Mwenye neno ni baba mkwe," aliniambia. "Hajasema nibaki, hajasema niondoke. Amekaa kama mtu asiyejua. Hiyo ndiyo ruhusa yangu. Siku akisema anajua, basi."

Hakumtaja jina, wala hakusema anaishi wapi, nami sikuuliza. Nilimweka kichwani mwangu huko Rungwe, amekaa kwenye migomba yake.

Fundi mkuu, kwa upande wake, alikataa kabisa kwenda. Kila saa saba alifungua kitambaa, akatoa ndizi mbili za kuchoma zilizopoa tangu asubuhi, akazila amegeukia ukuta. Nilimsifia jiko lile mpaka nikachoka.

"Mguu wangu hauendi mtaa ule, kijana," alisema. "Kula wewe."

Jambo hilo lilinikera kuliko nilivyoonyesha. Niliona ni maringo ya kizee, anadharau kibanda cha nyasi. Na mimi nikikuonyesha chakula kizuri halafu usile, ni kama umenitukana. Basi nikamdanganya. Nilimwambia kuna mtu mtaa wa kisimani anataka kupimiwa mlango, saa saba hiyo hiyo. Alisita, akauliza ni upande gani wa kisima. Nikamtajia upande wa mbali. Akachukua futi yake na penseli, tukaondoka. Nilimpitisha uchochoro wa nyuma, ili aibukie jikoni moja kwa moja na harufu imshike hapo hapo.

Tuliibukia. Mwanamke alikuwa anatoka na sufuria mikononi. Aliinua uso, akamwona.

Sufuria ilianguka. Alijifunika kanga kichwa chote, akainama mpaka karibu na ardhi, akakimbia hivyo hivyo ameinama, akaingia nyumba ya jirani na mlango ukafungwa. Nilipogeuka, fundi mkuu alikuwa amekwisha kutupa mgongo, paji la uso likigusa ukuta wa udongo. Kisha akaondoka kwa njia tuliyokuja bila kunitazama. Ndizi zilikuwa zimetapakaa kwenye vumbi, na waashi walinikodolea macho mimi.

Mmoja wao, mtu wa Tukuyu, ndiye aliyeniambia, na hakutumia maneno laini. Yule ni mkwe wake, mke wa mwanawe. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani kabisa. Kwetu pia mkwe ana heshima yake, lakini kwetu ungeinama ukasalimia, yakaisha. Kwao hawapiti njia moja, hawatazamani, hawasemezani, na jina la mzee halipiti kinywani mwa mwanamke. Ndiyo maana hakunitajia. Mji mzima ulijua kasoro mimi, niliyekuja juzi na msumeno wangu.

Nikaelewa na lile lingine, ambalo lilikuwa baya zaidi. Tangu jiko lile liwashwe mzee yule alikuwa anaukwepa mtaa ule makusudi, hata ikabidi ale ndizi baridi. Kwa kuwa hakupita mtaa ule, ukoo ulipomuuliza alijibu kwamba hajaona jiko lolote. Heshima ile ile iliyomkataza kumwona mkwe wake ndiyo aliyokuwa anamlindia. Na mimi nilikuwa nimemshika mkono nikampeleka akaone. Sijawahi kujichukia kama siku ile, wala sikudhani najua namna ya kufanya hivyo.

Jiko halikuwashwa kesho yake, wala keshokutwa. Habari ilipanda lori ikafika Rungwe, na Jumatatu akashuka mdogo wake fundi mkuu, mtu mrefu mwenye fimbo na koti zito. Alisimama mlangoni pa karakana.

"Kaka, sasa umeona kwa macho," alisema. "Huwezi kusema tena hujui. Ijumaa narudi naye nyumbani."

Fundi mkuu aliendelea kupiga randa. Mdogo wake alipoondoka, nikasimama mbele yake nikakiri kila kitu: uongo wa mlango, uchochoro, na kwamba nilimdhania ana maringo. Nilimwambia anifukuze kazi. Alipuliza vumbi la mbao kwenye randa yake, akaitazama ubavuni kama imenyooka.

"Ulisema kuna kipimo kisimani," alisema. "Umeshapima?"

Sikumwelewa. Akachukua penseli akanichorea juu ya ubao: ukuta wa mianzi iliyosukwa, kama wanavyosuka kwao, mrefu kuliko mtu, kati ya jiko na mabenchi. Katikati yake kidirisha kidogo chini, cha kupitisha sahani, kisichoonyesha kitu zaidi ya mkono.

Tulifanya kazi ile siku tatu, mimi pamoja na Msangu aliyerudi na gunia la mchele na matusi mengi juu ya akili yangu. Mzee alisuka mianzi kule karakanani, nasi tukaibeba kisimani tukaisimamisha. Mwanamke alikuwa bado kwa jirani. Nilizungumza naye mlango ukiwa umefungwa. Nilimwomba radhi, kisha nikamwambia Ijumaa awashe moto na apike kama kawaida. Nilisikia komeo likisukumwa ndani zaidi. Lakini Ijumaa, nilipopita asubuhi, moshi ulikuwa unatoka nyuma ya mianzi.

Saa saba fundi mkuu alivua aproni yake, akanawa mikono, akavaa shati lake la Jumapili. Alitembea kupitia mbele, barabarani, kila mtu akimwona. Alikaa kwenye benchi akiukabili ukuta wa mianzi. Nilikwenda kwenye kidirisha nikaomba sahani moja. Mkono ukaisukuma nje, ukarudi ndani upesi.

Alikuwa amekula nusu mdogo wake alipofika na fimbo yake. Aliutazama ukuta, akamtazama kaka yake, akaitazama sahani.

"Kaka, nimekuja kumchukua," alisema.

Mzee alimeza kwanza. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu palikuwa hapana mtu mwingine ambaye angeweza kusema na pande zote mbili bila kuvunja kitu.

"Kijana, mwambie mwenye jiko," alisema. "Mwambie baba yake amekula hapa leo, na kesho atakula hapa. Yule mwanangu aliyeko kusini akirudi, atamkuta hapa hapa. Asiporudi, sitadai ng'ombe wangu wa mahari kwa mtu. Mwanangu atakuwa ni yeye."

Kati ya mzee na mwanamke palikuwa na unene wa kidole kimoja cha mianzi. Alikuwa ameyasikia yote, na waashi waliyasikia, na mtu aliyekuwa anachota maji kisimani aliyasikia. Hata hivyo niliinama kwenye kidirisha nikayarudia neno kwa neno, na lile la mwisho nikalirudia mara mbili.

Kwenye kidirisha niliona vidole vya mwanamke vimeshika mianzi, vimeibana. Kisha vikaachia, na baada ya muda ikapita sahani kwenye kidirisha, ndizi zimejaa mpaka ukingoni.

"Mpe baba mdogo," alisema. "Ametoka mbali."

Nikaichukua nikamwekea mbele yake. Alisimama mbele ya sahani ile, fimbo mkononi, na sisi wote tulijua kwamba mtu akishakula chakula cha jiko hawezi tena kulizima. Alitazama barabarani kwenye malori, akamtazama kaka yake aliyekuwa anaendelea kula bila kuinua kichwa. Kisha akaegemeza fimbo kwenye mianzi, akavua koti, akaniambia nimletee maji ya kunawa.