Kuni Zilizoachwa Kando ya Tairi

Pale Msowero ukimtaja Magreti tu, watu watakuuliza Magreti yupi. Ukisema Mama Agatha wa kuni, utaelekezwa mpaka mlangoni. Ni mwanamke mwembamba, shingo imezoea mzigo, na akipita njiani macho yake yako chini kutafuta tawi kavu. Wenzake wa jumuiya ya kanisani humtania kwamba akifika mbinguni atauliza kwanza kuni zinaokotwa wapi. Yeye hucheka tu, akifunika mdomo kwa pindo la kitenge.

Mumewe Bonifas ni dereva wa trekta. Trekta si lake, ni la Mzee Samwel wa Kimamba, na limezeeka mpaka watu hubishana rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Halina stata ya kuliwashia. Breki ya mkono ilikatika, ikabaki ya mguu peke yake. Kwa hiyo Bonifas akisimama hutafuta mteremko, akalielekeza pua kule chini, akaliacha ndani ya gia, kisha akashuka na kuweka jiwe mbele ya tairi kubwa la nyuma. Akitaka kuondoka anapanda, anakanyaga klachi, mtu anaondoa jiwe, trekta linateremka lenyewe, anaachia klachi, injini inakohoa na kuwaka. Wenye mashamba ya tambarare hulalamika kwamba Bonifas anachagua mashamba kama anayechagua mchumba.

Gia peke yake haitoshi kulishika. Injini imechoka. Likiachwa kwenye mteremko bila kizuizi hutulia kwa muda, halafu hutoa sauti ndogo, psss, likasogea kiasi cha kiganja, likatulia tena. Bonifas husema linapumua. Magreti halipendi neno hilo. Kaka yake, marehemu Gabrieli, alifia kule Ruaha chini ya tela la miwa, tela lililokuwa limesimama kimya na watu wamekaa kwenye kivuli chake, likasogea lenyewe. Tangu msiba ule, Bonifas akitoka asubuhi, Magreti hubaki mlangoni na rozari mkononi mpaka mlio wa injini usikike kwa mbali. Ndipo huanza kufagia.

Bonifas si mtu wa maneno. Lakini plau ikifukua kisiki, au akikuta tawi limekauka shambani, hulikusanya na kuliweka kando ya tairi la nyuma. Magreti akija na chakula hukuta kuni zake zinamsubiri. Mume hasemi nimekuwekea, mke hasemi asante. Anaweka bakuli juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi, anafunga mzigo, anajitwisha, anaondoka. Imekuwa hivyo tangu Agatha yuko mgongoni, na sasa Agatha ni mtu mzima, anafanya kazi ya mapishi Mikumi. Jirani akimuuliza Magreti kama mumewe anampenda, yeye humwonyesha rundo la kuni nyuma ya jiko.

Sasa ilikuwa Machi, mvua zimeanza, na kila mtu anataka kulimiwa kwanza. Bonifas alikuwa kwenye shamba la Mama Fortunatus, pale ardhi inapoinama kuelekea bondeni. Magreti alipofika na ugali na maharage, trekta lilikuwa limezimwa. Bonifas mwenyewe alikuwa mwisho wa shamba na panga, wanang'oa visiki na mwenye shamba. Alimpungia mkono, akapaza sauti kwamba aache chakula hapo hapo, akishakula ataingia chini ya trekta akaze nati, sampo ya chini ya injini inavuja oili. Magreti aliitikia. Mbele ya tairi la nyuma kulikuwa na gogo la mkambala, limekauka vizuri, nene kama paja. Mkambala ndio mti ambao mwanamke yeyote wa Msowero angeugombea, makaa yake hukaa mpaka usahau kwamba uliwasha moto. Aliliinua, akaliunganisha na vijiti vilivyokuwa karibu, akajitwisha.

Kutoka pale mpaka kwake ni mwendo wa rozari moja. Siku hiyo rozari iliisha kabla hajafika, maana gogo lilikuwa zito.

Alipofika aliliingiza zima kati ya mafiga, akabandika maharage ya jioni. Nairesiae, mke wa Kimaren, Mmasai anayeleta maziwa, alikuwa amekaa kwenye kigoda na kibuyu chake, wanaongea habari za mvua na ndama. Moto ukakolea. Tope lililoganda kwenye gome likaanza kukauka na kudondoka, na chini yake ukatokea mchoro. Mistari mipana, imeinama, inafuatana. Magreti aliitazama huku akiendelea kuongea. Kisha akaacha kuongea.

Ilikuwa alama ya tairi. Akainama, akaligeuza gogo kwa mkono mtupu, na upande wa pili aliona limechongwa kwa panga, mshazari kama kabari. Bonifas hajawahi kumchongea kuni.

"Mama Agatha, umeungua?" Nairesiae alimuuliza.

"Nimetoa kizuizi cha trekta," alisema. "Na yeye anaingia chini."

Alikimbilia simu akapiga. Simu ya Bonifas ikaita chumbani, juu ya godoro, mahali alipoisahau asubuhi.

Kuna mambo kichwa huyafikiri yenyewe wakati huo. Magreti alifikiri jinsi mumewe anavyokula. Hunawa, hufanya ishara ya msalaba, hula polepole. Lakini maharage hayana kazi kubwa. Laiti angempikia samaki wenye miiba mingi, angekuwa bado anachambua. Laiti ugali ungekuwa wa moto. Akamwomba Mama Maria amfanye Bonifas apate usingizi baada ya kula, halafu akakumbuka kwamba Bonifas akisinzia hulala kwenye kivuli cha trekta, akaifuta sala ile na kuanza nyingine.

Alilichomoa gogo motoni, akalimwagia maji ya kuoshea vyombo, akalifunga kwenye gunia. Upande mmoja ulikuwa umeliwa, lakini upande uliochongwa ulibaki. Kwa nini alilichukua badala ya kwenda mikono mitupu, hakujua. Aliona tu kwamba mahali pake ni kule. Nairesiae alikwishatoka barabarani na kumwita mumewe kwa Kimasai, na Kimaren akaja na pikipiki, shuka lake linapepea.

"Shikamoo yeyo," alisema Kimaren, maana ndivyo anavyomwita, kama mama yake mzazi.

"Marahaba baba. Nipeleke kwa Mama Fortunatus. Bonifas yuko chini ya trekta na kizuizi ninacho mimi."

Kimaren alilitazama gunia linalotoa moshi, hakuuliza la pili. Magreti hajawahi kupanda pikipiki. Tangu zilipoingia kijijini alikuwa akisema hicho ni kitanda cha hospitali chenye magurudumu. Alipanda, gogo mapajani, mkono mmoja ukiwa hewani na rozari.

"Yeyo, shika mimi," Kimaren alisema. "Ukimshika Mungu peke yake, kwenye kona nitakuacha."

Alimshika. Joto la gogo lilipenya gunia na kitenge mpaka kwenye ngozi, naye hakulisogeza. Njia ilikuwa imelegea kwa mvua, tairi likateleza huku na huku, na kila walipopita bonde dogo alitega sikio. Hakujua anataka kusikia nini. Kelele zingekuwa mbaya. Kimya nacho kilikuwa kibaya. Pale njia inapoingia shambani, pikipiki ilizama kwenye tope mpaka kwenye mnyororo, Kimaren akashuka kusukuma. Magreti hakumngoja. Alikimbia na gunia kifuani, ndala zikabaki kwenye tope, akakimbia peku.

Trekta aliliona. Lilikuwa limesimama. Lakini si pale alipoliacha. Nyuma ya tairi palikuwa na alama mpya ardhini, urefu wa mkono wa mtu, na bakuli la chakula lilikuwa tupu juu ya madigadi. Kutoka chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, ilitokeza miguu ya Bonifas, imenyooka, imetulia, vidole vimeelekea juu. Tairi kubwa lilikuwa karibu na magoti yake kiasi kwamba mtu angeweza kuweka sahani katikati, si zaidi.

Magreti alitaka kupiga kelele. Akaizuia sauti kwa meno. Bonifas akishtuka, huenda akajivuta kwa kulishika tairi lenyewe. Akaenda kimya, akapiga magoti kwenye tope, akalitoa gogo kwenye gunia. Spana ilikuwa inagonga chuma huko chini, ko, ko, na Bonifas alikuwa anaimba wimbo wa kanisani puani. Ndipo aliposikia ile sauti ndogo, psss. Alilisukuma gogo kati ya miguu ya mumewe na tairi, upande uliochongwa ukilielekea tairi, akaliegemea kwa bega. Tairi likaja, likapanda kidogo, mkaa ukapasuka. Likasimama.

Alikaa hivyo kwanza, akisubiri lipumue tena. Halikupumua.

"Baba Agatha," alisema, "toka humo. Taratibu. Usishike tairi."

"Umerudi? Nimebakiza nati moja."

"Toka."

Hajawahi kuongea naye hivyo. Bonifas alitoka kwa upande wa pili, oili usoni, na swali mdomoni. Alizunguka trekta. Akamwona mkewe chini, bega limeegemea tairi, na gogo lake linatoa moshi. Akaitazama ile alama ya ardhini, akaifuata kwa macho kutoka juu mpaka ilipoishia. Spana ikamtoka mkononi.

"Jiwe nililisahau shamba la jana," alisema. "Nikachonga hilo."

"Nilidhani umeniwekea."

"Hili sikukuwekea."

"Ningejuaje? Sisi hatusemagi."

Bonifas aliiokota spana, akaichomeka mfukoni. Alichuchumaa pembeni ya mkewe na kuanza kumfuta tope magotini kwa mkono wenye oili, akawa anamchafua zaidi, wala hakuna aliyemzuia. Kimaren alifika akihema, akaona wote wawili wazima, akageuza uso kutazama bondeni kama mtu aliyekuja kutafuta ng'ombe. Magreti alimwomba arudi amwambie Nairesiae aongeze maji kwenye maharage. Kimaren akasema atamwambia, na ndala za yeyo atazichomoa njiani.

Mawingu yalikuwa yanajaa upande wa Kilosa, na shamba la Mama Fortunatus halijaisha. Bonifas alimalizia nati yake, safari hii Magreti akiwa amesimama juu ya gogo kwa miguu yote miwili. Kisha Bonifas akapanda kitini, na ilibidi mtu atoe kizuizi. Mtu mwenyewe alikuwa Magreti. Alishika jembe la mwenye shamba aligonge gogo litoke, na mikono ikakataa.

Bonifas hakumharakisha. "Magreti," alisema, jina ambalo hulitumia mara chache sana, "nimekanyaga klachi. Nimekanyaga na breki. Halitembei mpaka niseme. Wewe gonga, halafu ruka kando huko."

"Umekanyaga kweli?"

"Nimekanyaga."

Akagonga. Gogo likachomoka. Akarudi nyuma, mbali kuliko ilivyohitajika, akasema tayari. Trekta likateremka, likakohoa, likawaka, moshi mweusi ukafunika nusu ya shamba.

Angeweza kurudi nyumbani. Hakurudi. Alijitwisha gogo lile na kutembea pembezoni mwa matuta mapya, Bonifas akienda na yeye anaenda, Bonifas akigeuza na yeye anageuka, mpaka matone ya kwanza yakaanza kuanguka na Mama Fortunatus akauliza huyu mwenzetu anasindikiza nini.

Bonifas alipomaliza aliliegesha trekta kwenye mteremko, akazima. Kwa kawaida huruka chini papo hapo. Safari hii alibaki juu. Magreti alipiga magoti, akaliweka gogo, akalisukuma kwa bega, akapitisha kiganja kati ya gogo na tairi kuona kama pamebaki nafasi.

"Tayari?" Bonifas aliuliza.

"Ngoja."

Akalisukuma tena. Mvua ilikuwa imeanza kuwanyeshea wote wawili. Akaenda upande wa pili, akainama kutazama, akarudi.

"Tayari sasa?"

"Ngoja kwanza," alisema Magreti, na Bonifas, mguu wake kwenye breki, akangoja.