Vidole Ndani ya Chokaa

Gwenda Prosser anabandua saruji kwenye ngazi ya mnara wa Brampcote. Mara mkono unasita. Nyuma ya saruji, kwenye chokaa ya kale, kuna alama za vidole. Anajaribu kuweka kidole chake juu ya alama moja. Hakienei.

"Mungu wangu! Hawa ni watoto!"

Idris, fundi mwenzake, anapanda mbio akidhani ameanguka. Anatazama, anavua kofia. "Dada Gwenda, huyu hata meno ya utoto hajang'oa."

Karne sita nyumba hii yenye ngome imesimama hapa mpakani na Wales, na karne zote hizo tumeimbiwa wimbo mmoja: bwana ndiye aliyeijenga. Bwana! Hakuinua hata kokoto. Mianya ya ngazi hii haipitishi mkono wa mtu mzima, basi wakaingizwa watoto kuishindilia chokaa mbichi kwa vidole. Chokaa mbichi hula ngozi. Gwenda ana makovu viganjani, naye huvaa glavu.

Meneja wa nyumba, Rupert Lacon, anayeikodisha kwa harusi, alipoonyeshwa hakushtuka hata kidogo.

"Ziba. Bibi harusi gani atapiga picha hapo?"

"Bosi, nizibe ukuta au niwazibe watoto?"

"Bi Prosser, nakulipa upige lipu, si uhutubie."

Desemba lango hufunguliwa kwa wanakijiji, wajukuu wa wajukuu wa vidole hivyo. Gwenda anataka wavione. Akikataa kuziba, atafukuzwa, na mwingine ataziba.

Lakini chokaa ina sheria yake, na hata Lacon anaijua. Lipu mbichi ikipigwa na jalidi, ile baridi inayogandisha umande, humomonyoka kama biskuti. Ndiyo maana jalidi ya kwanza ikianguka, mafundi huosha ndoo na kungoja Aprili. Na ngazi hii haina paa.

Basi Gwenda ameanzia ukuta wa pili, ule usio na alama. Anapaka, anafuta, anapaka tena.

"Konokono amekupita, dada," Idris anamtania.

"Mwache atangulie. Yeye hana meneja."

Bondeni, wakulima bado wanachuma tufaha na wanaomba baridi ichelewe. Gwenda anatazama mbingu. Hakuna hata wingu moja, na usiku mweupe kama huu ndio huleta jalidi.

"Wanisamehe majirani zangu," anasema, akivuta koti. "Mimi naiombea ishuke usiku huu huu."