Kivuli cha Nyimbo za Kokushubira

Kokushubira wa Kamuli hakuwa mtu wa kubembelezwa aimbe. Harusi ikikaribia walimwendea wenyewe, na asipopenda sura ya aliyetumwa, alisema kifua kinambana. Lakini akishakubali, bibi harusi aliondoka kwao kwa machozi ya haki, mama yake akalia, hata wapishi wakaacha vyungu. Zile nyimbo za kumtoa binti nyumbani alifundishwa na shangazi yake, na hakubaki mwingine anayezijua zote.

Ndipo kichwa kikaanza kumchezea. Mwaka ule wa tisini na sita, harusini kule Rugera, wimbo ulimkatikia mdomoni. Akasingizia kikohozi, watu wakamletea maji. Aliporudi akamwita Elpidius, mtoto wa mdogo wake, aliyemlea tangu akibebwa mgongoni. Sasa alikuwa karani kwenye ofisi ya mradi pale Kayanga, ofisi yenye kompyuta.

"Hiyo mashine yako inaweza kunitunzia nyimbo? Mjukuu wangu Deodatha amechumbiwa. Sitaki aondoke kwangu kimyakimya kama mgeni."

"Mama Mkubwa, mashine haisahau."

"Basi zikae mahali pawili. Kwako na kwangu. Kwako kukiungua, za kwangu zibaki."

"Nitakutolea kivuli."

Neno hilo alilijua. Parokiani waliwahi kumtolea kivuli cha cheti cha ubatizo, na kivuli kile kilikuwa na kila kitu, hata doa la chai. Akaridhika. Kiangazi kizima alidandia malori ya kahawa kwenda Kayanga, akaketi mbele ya ile mashine akaimba, jenereta ikinguruma nje, Elpidius akibonyeza maneno.

"Punguza sauti, Mama Mkubwa. Mashine haikusikii, nasikia mimi."

"Basi sikia vizuri."

Walipomaliza akampa disketi, kitu cheusi bapa kinachoenea kiganjani. Kokushubira akaifunga ndani ya kitenge, akaiweka sandukuni. Deodatha alipotaka kuishika, alimpiga kofi mkononi. "Acha! Humo nimo mimi."

Na kwa kuwa alijua zimetunzwa, akaacha kujikumbusha. Hapo zamani alikuwa akiziimba akimenya ndizi. Sasa alimenya kimya.

Mwaka uliofuata alikwenda sokoni Murongo kutafuta kitambaa cha harusi. Kwenye kibanda cha kanda akasikia wimbo wake, unaimbwa na kwaya asiyoijua, kinanda kikidundadunda nyuma. Muuzaji akamwonyesha kasha. Kusoma kulimpa shida, lakini sura hakuhitaji kusomewa. Alikuwa Elpidius, amevaa tai.

"Huyu ndiye mtunzi, bibi," muuzaji akasema. "Ana kipaji!"

"Mtunzi nani? Huyo hata kupiga mluzi hajui!"

Njiani akajituliza. Labda wamemwibia mtoto. Na hata hivyo, zake anazo. Alipofika nyumbani akaitoa disketi sandukuni, akaipeleka kwa Joviana, mpiga chapa wa parokiani, ambako nako walikuwa wamepata kompyuta.

Joviana akaiingiza, akatazama, akaitoa, akaiingiza tena.

"Bibi, humu hamna nyimbo. Kuna alama tu, hii hapa yenye kimshale. Inaonyesha njia ya kufika kwenye nyimbo, na nyimbo zenyewe ziko ndani ya mashine ya Elpidius. Huku kwetu mshale hauna pa kwenda."

"Lakini alisema kivuli."

"Huenda alikosea. Wengi hukosea hapo."

Kokushubira akalishika hilo neno la kukosea, akakaa nalo.

Harusi ilipokaribia Elpidius akaja, na sukari mkononi na koti jipya. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Kaa. Ile disketi uliyonipa, ulikosea?"

Elpidius akacheka kidogo, akatazama viatu vyake. "Mama Mkubwa, ningekupa zote ungezigawa bure kwa kila anayepita. Wale wa kwaya walizitaka peke yao. Na ile mashine haipo tena, mradi umeondoka nayo."

Kokushubira akainuka. Aliingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo chenye mfuniko, cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote kwao. Akampa kwa mikono miwili. Elpidius akapokea kwa heshima, akafunua. Hamkuwa na hata buni moja. Mlikuwa na jani kavu la mgomba, limekunjwa mfano wa mshale.

"Mama Mkubwa, mbona..."

"Kahawa iko mtini, nyuma ya nyumba. Nimekutolea kivuli."

Elpidius akaweka kikapu chini taratibu, akaondoka. Sukari yake ilitupwa nyuma yake hadi barabarani.

Siku ya harusi vijana walileta redio ya kanda. Kokushubira akaizima mwenyewe, akasimama mlangoni na Deodatha, akaanza. Alizozikumbuka aliziimba. Wimbo wa kuaga jiko la mama ukamkatikia katikati, palepale kama kule Rugera. Watu wakamtazama, mmoja akanyanyua kikombe cha maji.

Safari hii hakukohoa. Alisimama kimya, kichwa juu, amemshika mjukuu wake mkono, mpaka wote wakasikia pale palipokatika.