Udongo wa Dizeli Ukutani

Udongo uliofukuliwa kwenye kituo cha zamani cha mafuta pale Kibiti, ambao ulitakiwa ukae juani mpaka dizeli iishe, uliishia kwenye ukuta wa nyumba ya mama yangu mkubwa. Ulikandikwa vizuri. Mhandisi mwenyewe, alipoutazama, alikiri kwamba ukuta ulikuwa umenyooka.

Kituo kilikuwa cha ushirika. Ushirika ulipokufa, pampu ziling'olewa, mabati yakafuata, kisha milango. Matangi yalibaki ardhini kwa sababu hakuna aliyeweza kuyabeba. Yalivuja taratibu miaka yote ile, na mvua ikinyesha maji ya mtaroni yalipita yakimetameta kama shingo ya njiwa. Baadaye biashara ikaachiwa watu binafsi, na kiwanja kikapata mwenyewe, mfanyabiashara aliyetaka kujenga kituo kipya. Aliambiwa asafishe udongo kwanza. Akaleta mhandisi kutoka Dar es Salaam, kijana mpole asiyevua buti hata wakati wa kula. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, nikaajiriwa kusimamia vibarua.

Njia yake ilikuwa rahisi. Udongo unafukuliwa, unatandazwa juu ya maturubai, unachanganywa na samadi na kitu cha kuulegeza, unanyunyiziwa maji, unapinduliwa. Vijidudu vilivyomo vinakula mafuta. Vibarua walimwuliza kama vinakula na petroli au vimezoea dizeli tu. Alijibu kwa kirefu. Ng'ombe kwetu ni wachache, kwa hiyo tulitumia samadi ya kuku, na cha kulegeza tukaleta pumba za mpunga kutoka mashine za Ikwiriri.

Sasa, mtu yeyote wa Rufiji akiona udongo umetiwa pumba, ukalowanishwa, ukapinduliwa mpaka ukaiva, anajua ni udongo wa kukandikia nyumba. Hatutumii udongo wa namna hiyo kwa kazi nyingine. Tena huu ulinuka dizeli, na watu wetu hupaka nguzo oili chafu ili mchwa wasizile. Kwa macho ya majirani, tulikuwa tumetengeneza udongo bora kuliko wote waliowahi kuuona, tukauacha wazi, tukaenda kuswali Ijumaa.

Mama mkubwa alikuwa na haraka. Binti yake, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe Nyamwage ili ajifungulie kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Chumba cha kumlaza kilikuwa kimoja, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanguka wakati wa masika baada ya mchwa kula fito. Alisimamisha fito mpya, akapika wali na mchuzi wa samaki, akaalika wanawake wa jirani. Ilipofika alasiri ya Ijumaa hiyo ukuta ulikuwa umekandikwa ndani na nje.

Jumamosi tulikuta turubai moja tupu. Mhandisi alimwita mlinzi.

"Mzee, udongo uko wapi?"

"Wameuchukua."

"Nani?"

"Kina mama. Walikuja na ndoo, wakasalimia vizuri."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaitikia. Mimi niliambiwa nilinde majembe. Yapo yote, kaangalie."

Pumba zilikuwa zimedondoka njiani mpaka mlangoni kwa mama mkubwa. Mhandisi aliingia chumbani, akanusa, akatoka.

"Mama, udongo huu una sumu. Inabidi ukuta ubomolewe."

"Sumu ya nani, mwanangu? Mchwa hawajauonja, panya wamehama."

"Na mbu," jirani mmoja akadakia kutoka uani. "Ungetuambia mapema tungekandika na kwa shemeji yangu."

Wanawake wakacheka. Mhandisi hakucheka.

"Hewa yake si nzuri, mama. Hasa kwa mtoto mchanga."

"Basi niletee udongo mwingine na watu wa kukandika. Na huyu aliye tumboni mwambie angoje."

Binti alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Ndiye aliyeuliza swali lenyewe.

"Kaka, nikilala humu na mtoto, atapata nini?"

Mhandisi alisema hajui. Inategemea vijidudu vilikuwa vimefika wapi. Alikata kipande cha ukuta kwa kisu, akakitia kwenye chupa, akaifunga. Kitapimwa Dar, alisema, na kikionekana kibaya atakuja kubomoa na kukandika upya kwa gharama yake. Kwa sasa waache dirisha wazi. Chumba hakikuwa na dirisha. Tulilitoboa siku hiyohiyo.

Mtoto alizaliwa kabla ya majibu, wa kike, akalala chumba kile na mama yake mpaka arobaini ikatimia. Kiwanja kikapimwa, kikakubaliwa, mhandisi akaondoka, na kituo kipya kikafunguliwa kwa kisomo na soda. Mama mkubwa aliposubiri akachoka, alinituma Dar kufuata majibu. Ofisi aliyotuelekeza mhandisi ilikuwa imehama. Mahali pake palikuwa na duka la matairi, na mwenye duka alisema si mimi tu niliyekuja kuiulizia. Chupa ile sijui iko wapi. Ukuta umesimama, mchwa hawajaugusa, na hakuna aliyetuambia yule mtoto alivuta nini.