Kabureta ya Mwanza na Mlima wa Mbuya

Simu ya dada yangu Mwajuma ilinikuta dukani, mikono imejaa grisi. Dada ameolewa Kampala, mtaa wa Kansanga, na si mtu wa kupiga simu asubuhi bila jambo. "Zuhura," alisema, "gari la marehemu baba mkwe linaondoka Jumapili. Mama mkwe amekubali kumpa mwenye baa mmoja wa Kabalagala. Atang'oa injini, aliweke mlangoni, apande maua ndani yake."

Nikakaa juu ya tairi. Gari lenyewe nalijua. Ni lile dogo la mgongo wa kobe, injini iko nyuma, rangi ya buluu iliyopauka, ambalo mzee alilitengeneza mwenyewe uani kwake miaka nenda miaka rudi. Mzee alikuwa Mnubi, mtu wa swala tano, pombe hakuwahi hata kuinusa. Leo gari lake likawe pambo la baa! Dada akanieleza kwamba tangu afariki, huu mwaka wa pili, gari linawaka na kutembea vizuri barabara za tambarare, lakini likifika mlima wa Mbuya linazima. Na Mbuya ndiko anakoishi dada wa mama mkwe, ambaye wote tunamwita Mama Hajati, ndiko mzee alikompeleka mkewe kila Ijumaa. Mafundi wanne walikuwa wameshindwa. "Njoo," alisema dada. "Si unajidai fundi?"

Sijidai. Mimi ni fundi. Nina duka la vipuri, na magari ya zamani ndiyo ugonjwa wangu. Gari linalozima mlimani limekosa mafuta, na la aina ile likikosa mafuta, tisa kwa kumi mchawi ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nilikuwa nayo moja rafuni, nzima kabisa, niliyokataa kuiuza kwa watu watatu. Nikaifunga kwenye kanga, nikafunga duka.

Alhamisi alfajiri basi letu lilitoka Mwanza. Zamani tulikuwa tukisubiri kivuko pale Kigongo hadi chai inapoa mara mbili. Sasa kuna daraja, na kabla sijamaliza kumenya yai ziwa lilikuwa limeshabaki nyuma. Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Abiria wengine walitazama mandhari. Mimi nilisikiliza gia za dereva, na mara mbili nilimrekebisha kwa sauti mpaka kondakta akaniomba nisinzie. Jioni tulifika Bukoba, nikalala gesti, kabureta chini ya mto.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Mutukula, mpakani. Upande wa Uganda afisa wa forodha alifungua kanga yangu, akaishika ile kabureta kama mtu aliyepewa kasa.

"Nnyabo, hii chuma ni ya nini?"

"Kabureta, afande. Ya gari la zamani lililoko Kansanga. Naenda kulitengeneza."

"Banange! Mutu anapanda basi siku mbili sababu ya gari ya mutu mwingine?"

"Ni la mama mkwe wa dada yangu."

"Kale, haya, kama ni ya mukwe, pita. Ikipona, ukirudi uniambie."

Mchana tulipita Masaka. Pale Lukaya wauzaji waliinua mishikaki ya kuku na gonja, zile ndizi zao za kuchoma, hadi madirishani, nikanunua ya watu wawili nikala peke yangu. Saa kumi nilishuka Kampala, shemeji yangu Ramadhani, mume wa Mwajuma, ananingoja. Ni mfanyabiashara wa nguo, mpole, na kuhusu magari anachojua ni usukani tu. Baba yake hakuwahi kumruhusu kushika spana.

Kansanga, jioni. Nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba, ndani ya ua uliofagiwa, gari lilikuwa limeegeshwa linang'aa. Mama Hajati alikuwa barazani anasuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha Wanubi, cha duara na cha rangi kali. Nyumba nzima ilikuwa imefunikwa kwa kazi ya mikono yake. Redio ya marehemu ilikuwa na kifuniko chake, miwani yake ilikuwa na mfuko wake, hata birika la udhu lilikuwa na kofia.

"Karibu, binti yangu," alisema tulipomaliza salamu. "Umetoka mbali. Lakini mimi nakuambia ukweli, hii gari haina ugonjwa. Iko na huzuni. Mimi nilikaa eda miezi ine na siku kumi, nikamaliza. Yeye bado iko ndani ya eda."

"Mama Hajati, gari halikai eda."

"Basi sababu gani inakataa kwenda Mbuya bila muzee?" Akarudi kwenye ukili wake. "Gari yenye haitembei ni kaburi ndani ya uwanja. Kila asubuhi nafungua mulango, naona kaburi. Jumapili ikipanda mulima, itakaa. Ikikataa, Kayemba wa baa achukue."

Jumamosi niliamka na nyimbo kichwani. Shemeji akaniletea sanduku la spana za baba yake, kila moja imepakwa mafuta na kuviringishwa kitambaa. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilisafisha plagi, nikapima valvu, nikakaza mkanda, kisha nikang'oa kabureta ya zamani na kufunga yangu. Injini ikawaka mara ya kwanza, ikatulia inanguruma taratibu kama cherehani. Nilijisifu mchana kutwa. Nilijisifu tukila gurusa, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa bamia, mpaka dada akasema, "Zuhura, mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Nikamjibu kwamba hakuna aliyenisifu, najisifu mwenyewe.

Jumapili saa tatu asubuhi tulitoka. Mimi niliendesha, Mama Hajati kando yangu na shela nyeupe, shemeji nyuma magoti kidevuni. Kabalagala ilikuwa bado inapiga miayo, wafagiaji wanakusanya chupa za jana. Bwana Kayemba, mwenye baa, alikuwa tayari ndani ya gari lake la kuvuta magari. Nilikuwa nimepanga kumchukia, lakini alishuka akamsalimu Mama Hajati amepiga goti.

"Hajati, mimi si adui. Mimi ninapenda hii gari toka nikiwa mudogo. Kwa mlango wangu nitapiga yeye polishi kila siku."

"Fuata tu, mwanangu," alijibu Mama.

Tuliteremka Namuwongo, tukavuka reli, tukapita Bugolobi. Injini iliimba. Nikaingia mlima wa Mbuya na gia ya pili, kifua mbele. Katikati ya mlima gari likakohoa. Likakohoa tena, likatetemeka, likazima.

Niliona aibu, sitaficha. Siku mbili za basi, na majigambo yote yale! Mama Hajati alitazama mbele, mikono juu ya mapaja. "Si nilikuambia," alisema taratibu. "Bila muzee haitaki." Nyuma yetu Kayemba alisimama, akaanza kuteremsha mnyororo bila haraka, kama mtu anayefunga jeneza la jirani.

"Pengine mafuta yameisha," alisema shemeji kwa huruma, akaenda kufungua boneti ya mbele.

Hapo ndipo iliponijia kwamba boneti ile sikuwa nimeigusa. Injini iko nyuma, nami nilishinda nyuma. Mbele kuna tangi tu. Nikashuka, nikatazama, na juu ya tangi nikaona kifuniko kimevikwa kofia nzuri ya nyuzi nyekundu, kijani na manjano, imebana barabara. Shemeji akakizungusha. Kikatoa mlio mrefu: psssss.

"Hiyo ni kawaida," alisema. "Kila nikiongeza petroli inalia hivyo. Mimi nasema inashukuru."

"Shemeji, haishukuru! Inavuta pumzi!"

Nikapindua kofia ile. Ndani ilishonewa duara la mpira wa tairi la baiskeli. Kifuniko cha tangi la zamani kina kitundu kidogo, petroli ikitoka hewa iingie. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja tu, maziwa hayamiminiki. Barabarani tambarare injini inakunywa kidogo, inavumilia. Mlimani inataka kunywa sana, na tangi limezibwa.

"Nani alishona hii?" niliuliza, na kabla sijamaliza nikatamani kulimeza swali.

Mama Hajati alikuwa ameshuka. "Mimi," alisema. "Ndani ya eda. Sikuwa na kazi, kila kitu yake nikashonea nguo. Na harufu ya petroli ilikuwa inanipiga kichwa, nikaweka mupira." Akaipokea kofia, akaigeuza kwenye jua, akatia kidole penye mpira. "Miaka yote nasuka tabaga. Tabaga isipokuwa na nafasi, chakula inatoa jasho, inaharibika. Mimi ndiyo nafundisha wasichana hivyo! Na hii nikaifunga pua!"

Niliogopa atalia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tawi la ua wa watu, machozi yanatiririka, na shemeji akacheka, na Kayemba akacheka na mnyororo mkononi. "Haikuwa eda," alisema Mama akipangusa macho. "Mimi ndiyo nilikuwa nimeshika yeye koo, naye ananivumilia."

Nikafunga kifuniko kikiwa uchi. Injini ikawaka. Gari lilipanda Mbuya bila kukohoa hata mara moja, na Mama Hajati akatoa kichwa dirishani akapiga vigelegele hadi kwenye lango la dada yake, ambaye alitoka mbio na mwiko mkononi. Kayemba alifika nyuma yetu, akazunguka gari mara mbili, akasema, "Kale, baa yangu itapanda maua ndani ya ndoo." Tukamlazimisha anywe chai.

"Na harufu ya petroli, Mama?" nilimuuliza.

"Nitafungua dirisha."

Jumatatu nilirudisha kabureta ya zamani mahali pake, maana haikuwa na kosa lolote, na yangu nikaifunga tena kwenye kanga. Mama Hajati alikuwa amekata ule mpira. Kofia aliivisha kirungu cha gia, mahali mkono wa mzee ulipokuwa ukikaa.

Jumanne, Mutukula. Afisa alikuwa yule yule. "Nnyabo! Hii chuma inarudi tena? Gari ilikufa?"

"Limepona, afande. Halikuihitaji."

Akanirudishia kabureta kwa mikono miwili.

Siku hizi gari likiletwa dukani kwangu sianzi na spana. Nauliza kwanza nani alilipenda mara ya mwisho, na alilifanyia nini. Wateja wananiona nimezeeka vibaya. Kabureta iko rafuni, bado haiuzwi, imefunikwa na tabaga ndogo aliyonipa Mama Hajati siku ya kuondoka. Zawadi hiyo niliifungua ndani ya basi nikaiinua dirishani, na jua la Masaka likapenya kwenye kila tundu.